Wapiga ngoma wa polka ninaowakubali

Najua nimepotea wiki tatu nzima, mnivumilie, ni andalio la somo kila usiku na test mbili juu yake. Leo rumumeti kaenda kwao Kibaha, chumba kimya, feni inazunguka, basi ngoja niandike kitu kinachonikaa kichwani tangu mwezi uliopita. Ni kuhusu polka. Ndiyo, polka, ule muziki wa akodiani wa Wazungu. Na hasa ni kuhusu wapiga ngoma wake.

Kabla hujafunga ukurasa, ngoja nieleze imekuwaje. Wanaonifahamu wanajua Jumamosi huwa sipo kampasi. Napiga sineya kwenye kundi la matarumbeta, yale ya harusi, mnapanda nyuma ya pick-up mbele ya msafara, matarumbeta matatu, trombone moja, sineya na ngoma kubwa. Boom likichelewa hiyo ndiyo inanipa ugali. Ngoma kubwa anapiga mzee mmoja, sote tunamwita Babu, kazi hiyo kaifanya tangu mimi sijazaliwa. Sasa kiongozi wetu kaona kundi jingine limeweka spika kwenye gari na biti iliyorekodiwa kwenye flash, matarumbeta yanapulizwa juu yake. Watu wawili wanapungua, hela inagawanywa kwa wachache. Kapenda. Kikao ni Jumapili ijayo. Mimi nina chuo, nitapata pa kushika. Babu hana pengine.

Kiongozi wetu ukimletea hotuba anaangalia saa, ila ukimwekea muziki anasikiliza mpaka mwisho. Nikasema ngoja nitafute duniani huko ni nani mwingine anayepiga ngoma nyuma ya matarumbeta, harusini, kwa watu wanaocheza na wala hawamwangalii. Kutafuta kukanifikisha kwenye polka, nikakwama humo mwezi mzima. Bando limeniisha mara ngapi, hata sihesabu. Lakini sasa nina watu wangu.

Kwa wasioujua muziki huu, kwa kifupi: polka ilizuka Bohemia, sehemu ambayo leo iko Jamhuri ya Czech, miaka ya 1830. Miaka ya 1840 ikaingia Paris ikawa homa ya mji. Wahamiaji wakaibeba mpaka Marekani, na kule kila jamii ikaipika kwa sufuria yake, Wapoland wao, Waslovenia wao, Wajerumani wao, Wameksiko wa Texas wao. Mapigo yenyewe ni mawili tu. Hesabu "moja na mbili na". Moja na mbili ni za ngoma kubwa, inakanyaga pamoja na besi au tuba. Zile "na" ni za sineya, zinaangukia pale mguu wa mchezaji ulipo hewani. Basi. Mtoto wa darasa la tatu utamfundisha kwa dakika kumi. Kazi ni kuyapiga hayohayo saa nne mfululizo ukumbi usipoe.

Na kwa kuwa ni rahisi hivyo, mtu akiwa mzuri unamsikia haraka. Hana pa kujificha.

Aliye juu kabisa kwangu ni Li'l Wally. Jina lake hasa ni Walter Jagiello, kazaliwa Chicago mwaka 1930, damu ya Poland. Huyu bwana alipiga ngoma huku anaimba, na konsetina pia aliiweza. Alianza kuimba akiwa mtoto kwenye pikiniki za Wapoland wa mji ule. Mwaka 1951, miaka 21 tu, akafungua lebo yake mwenyewe ya kurekodi, Jay Jay. Miaka 21 jamani! Mimi nina 22 na kitu pekee nilichowahi kuanzisha ni grupu la WhatsApp la kozi.

Alichofanya Wally unakielewa ukijua kilichokuwepo kabla yake. Polka ya Kipoland ya majimbo ya mashariki ilikuwa ya bendi kubwa, watu wamevaa suti, wanasoma nota, mwendo mkali, kila kitu kimenyooka. Wally akapunguza watu, akapunguza na mwendo. Akarudisha nyimbo za kijijini, za Kipoland cha wakulima, zile ambazo mama aliyetoka kiwandani anazijua bila kufundishwa. Na kwa kuwa mwimbaji ndiye aliyeshika fimbo za ngoma, ngoma ilijua lini anataka kuvuta pumzi. Hiki ndicho ninachokipenda. Sikiliza rekodi zake za miaka ya 1950, sineya haina haraka, inaburuta kidogo kama mtu anayetembea kamshika mtoto mkono, halafu mstari ukiisha inapigwa kidogo zaidi, kama mtu anayesema "haya, tuendelee". Hakuna anachojionyesha. Ukiniuliza kafanya nini cha ajabu nitakosa cha kukuonyesha kwa kidole, lakini miguu yangu chini ya meza inajibu.

Mwaka 1954 wimbo wake "Wish I Was Single Again" ukavuma hata nje ya jamii yake. Yaani mtu anapiga muziki wa harusi na wimbo wake mkubwa ni wa kutamani useja! Mwaka 1959 akashiriki kutunga wimbo wa timu ya baseball ya Chicago White Sox, na timu ilipochukua ubingwa mwaka 2005 wimbo ukafufuka mitaani. Walipoanza kuwaingiza watu kwenye jumba la heshima la polka mwaka 1969, yeye na Frankie Yankovic ndio waliotangulia. Kafariki 2006. Mpiga ngoma kuwa ndiye kiongozi wa bendi, jina lake ndilo la kwanza kwenye jalada la sahani, si jambo la kila siku. Tutarudi kwenye hili la majina.

Huyo Yankovic ndiye mfalme wa polka ya Cleveland, ile ya Kislovenia. Mwaka 1948 "Just Because" yake ilitikisa Marekani nzima. Lakini kwa mtu wa ngoma kama mimi, Cleveland ni darasa la kukaa kimya. Kule akodiani ni mbili, kuna banjo, kuna piano, kuna besi, na ile "na" niliyokwambia ni ya sineya, banjo ndiyo inaikata. Chka, chka, chka. Sasa mpiga ngoma afanye nini? Anapiga kwa wepesi, unamsikia kama mtu anayefagia chumba cha pili. Akiondoka utagundua. Akizidisha utagundua haraka zaidi.

Na huko Slovenia kwenyewe mambo yako mbali zaidi. Slavko Avsenik na ndugu yake Vilko, bendi yao ilianza mwaka 1953, wakawa wakubwa kuliko wote katika muziki ule, "Na Golici" yao inapigwa mpaka leo Ujerumani, Austria, Uswisi, kila mahali penye bia. Bendi yao ya kawaida ilikuwa hivi: klarineti, tarumbeta, akodiani, gitaa, na besi au baritoni. Hesabu tena. Mpiga ngoma hayupo.

Hapa najua kiongozi wetu atanidaka. "Si unaona? Mabingwa wenyewe hawana ngoma." Nimelifikiria hili usiku kucha na nina jibu. Msikilize yule wa gitaa. Mkono wake wa kulia unafanya kazi yote ya sineya, baritoni inafanya ya ngoma kubwa. Ile kazi haikufutwa, iligawiwa watu walio hai, wanaoangaliana usoni, na tarumbeta likitaka kuvuta sauti ndefu gitaa linasubiri. Flash haisubiri mtu. Msafara ukisimamishwa na taa za barabarani pale Mwenge, flash inaendelea kama kichaa huku gari limesimama. Bibi harusi akikanyaga gauni lake wakati anashuka, Babu anaona, anashusha mkono, nasi wote tunashuka naye. Mama wa bwana harusi akipiga kigelegele katikati ya mstari, Babu anampa pigo moja zito la kumjibu, na yule mama anaongeza. Nimeona mara nyingi jinsi pigo lile linavyozaa tuzo.

(Mabano kidogo ya kozi yangu. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Wengi walikuwa wanangoja kama sekunde 1 tu. Wakifundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yanarefuka na wale wa nyuma nao wananyoosha mikono. Tangu nisome hilo sisikii polka ya Cleveland vilevile. Sekunde zile tatu ndizo nafasi anazoacha mpiga ngoma wao.)

Turudi Marekani, twende Buffalo, jimbo la New York. Kule kuna Dynatones, na aliyekaa kwenye ngoma na kuongoza bendi ni Larry Trojak. Huyu ni kinyume cha Cleveland kabisa. Ni polka ya Kipoland ya watoto waliokua wanasikiliza rock, akodiani inatikiswa mpaka inahema, matarumbeta yako juu, na ngoma ziko mbele kabisa, matoazi yanawaka. Kwa mtu wa pick-up ya harusi hii ni nyumbani. Nikimsikiliza Trojak nataka kusimama juu ya kitanda. Ila ukisikiliza mara ya tano unagundua kwamba hata kwenye fujo yote ile "na" haijawahi kupotea. Mkono wa kushoto unalinda mguu wa mchezaji, mkono wa kulia ndio unaofanya sherehe. Nimefanya mazoezi ya kutenganisha mikono hivyo juu ya godoro, kwa sababu majirani wa holi hili hawana subira.

Wajerumani wa New Ulm, Minnesota, watu kama Whoopee John Wilfahrt (1893–1961), nawaheshimu lakini kwao tuba ndiyo baba wa nyumba, ngoma inamfuata tu. Nimesikiliza, nimeshukuru, nikaendelea.

Brave Combo wa Denton, Texas, wao wanapiga polka kama mtu anayechanganya kachumbari, wameanza 1979, wamechukua Grammy mbili. Enzi za mwanzo ngoma alikuwa nazo Mitch Marine, ambaye baadaye alikwenda kupiga na Dwight Yoakam kwenye country. Ana mikono safi mno. Ukitaka kujua kama mtu wa polka anaweza kupiga chochote, huyo ni jibu.

Sasa hapa Texas ndipo nilipokaa muda mrefu, manake hadithi yake inanihusu moja kwa moja. Wameksiko wa Texas walijifunza polka na akodiani kutoka kwa wahamiaji wa Kijerumani na wa Kicheki. Narciso Martínez alipoanza kurekodi mwaka 1936 ilikuwa akodiani yake na bajo sexto, lile gitaa nene la nyuzi 12, basi. Kwenye ngoma za mashambani huko nyuma kulikuwa na tambora, ngoma ya ngozi ya mbuzi, lakini kwenye sahani haikuwepo. Muziki ulitosha. Watu walicheza. Hakuna aliyesema kuna pengo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili akaja Valerio Longoria, naye mpiga akodiani, katoka jeshini, akaingiza seti ya ngoma kwenye conjunto. Miaka ya 1950 Tony de la Rosa akaikazia ngoma na besi ya umeme, na hapo kitu kikatokea: polka ikapungua mwendo. Ukiwa na ngoma inayoshikilia sakafu, akodiani haihitaji tena kukimbia ili watu wajue mapigo yako wapi. Inaweza kukata maneno mafupi mafupi na kunyamaza katikati. Na watu nao wakabadilisha uchezaji, wakaacha kurukaruka, wakaanza kuteleza wakizunguka ukumbi kwa mtindo ulioitwa tacuachito, umepewa jina la mnyama mdogo wa huko anayetembea taratibu. Yaani seti moja ya ngoma ilibadilisha jinsi watu walivyotembea na wapenzi wao Jumamosi usiku! Nikisikia mtu anasema ngoma ni "biti tu", namkumbuka huyo tacuachito.

Lakini sikiliza na hili. Longoria jina lake lipo, kapewa mpaka tuzo ya taifa ya urithi mwaka 1986. De la Rosa jina lake lipo. Wale waliokaa kwenye viti nyuma yao na fimbo mkononi, majalada mengi ya sahani hayawataji. Kuna polka moja ya de la Rosa naipenda kupita kiasi, mpiga ngoma anafanya kitu kidogo na haihati kila mwisho wa sehemu, kama mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe mtoto. Namhesabu kati ya wapenzi wangu watano bora duniani. Namwita tu "yule wa haihati".

Ndugu zao wa norteño upande wa pili wa mpaka wana redova, kijiti cha mbao kilicho wazi ndani, kinafungwa kiunoni na kupigwa kwa fimbo mbili. Takataka tatata. Dada yangu alisikia akadhani nimeweka video ya kukata vitunguu. Hapa kwetu wazee wa Kikuyu kule Kenya wana mwomboko wao, akodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, na ukiviweka viwili hivi kimoja baada ya kingine utaona binadamu wakipata akodiani popote duniani, haraka sana wanatafuta kitu cha kugonga.

Katika yote niliyosikiliza, kilichonigusa karibu zaidi kimetoka jangwa la Arizona, kwa Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa pale. Polka yao inaitwa waila, neno walilolitoa kwenye Kihispania "baile", yaani dansi. Siku hizi waila ina saksafoni na akodiani na seti nzima ya ngoma, Joaquin Brothers ndio waliojulikana sana. Lakini ile ya zamani, ya violini, kama kundi la Gu Achi Fiddlers, ngoma zimegawanywa kwa watu wawili. Mmoja ana sineya. Mwingine ana ngoma kubwa. Jamani, huyo ni mimi na Babu!

Nilisimamisha video nikairudia. Kinachotokea watu wawili wanapogawana mapigo ya mtu mmoja ni kitu ambacho seti ya ngoma haina. Yule wa sineya lazima amsikilize yule wa ngoma kubwa kila pigo, kila pigo kabisa, kwa sababu "na" yake haina maana bila "moja" ya mwenzake. Kunakuwa na kayumba kadogo katikati, hakuna mashine inayoyumba hivyo, na wachezaji wanakaa ndani yake. Wanazunguka kinyume cha saa, vumbi linapanda, na waila inaweza kukesha mpaka alfajiri. Hao ndio nitawaweka wa kwanza kwenye simu Jumapili.

Wa mwisho nitakayemweka atamchekesha kiongozi, na nimefanya makusudi. Mnamfahamu "Weird Al" Yankovic, yule Mmarekani wa nyimbo za mzaha? (Hana undugu na Frankie, jina tu.) Tangu 1984 karibu kila albamu yake ina mchanganyiko wa nyimbo zinazovuma, zote zimegeuzwa polka, na bado anafanya, "Polkamania!" imetoka 2024. Mpiga ngoma wake ni Jon "Bermuda" Schwartz. Walikutana tarehe 14 Septemba 1980 studio za redio, Al anataka kuimba "Another One Rides the Bus" moja kwa moja hewani, akodiani anayo, ngoma hakuna. Schwartz akapewa begi gumu la akodiani. Akaligonga. Ndiyo rekodi yenyewe hiyo. Wako pamoja tangu siku hiyo, zaidi ya miaka 40, naye ndiye mtunza kumbukumbu na mpiga picha wa bendi. Kwenye zile polka zake inabidi abadilishe nyimbo kumi na zaidi ndani ya dakika nne, kutoka rap kwenda rock kwenda mapenzi, na bumu-chka haipotei hata nukta. Ni kazi ya kuchosha na anaifanya kama anakula karanga.

Ningeweza kuendelea na Vienna, ambako Josef Strauss mwaka 1869 aliandika polka ya kusherehekea kasha la fedha la 20,000 lisiloungua moto kutoka kiwanda kimoja, na mtu wa ngoma kule nyuma ya orkestra anapiga fuawe kwa nyundo kama mhunzi. Kaka yake, Johann, mwaka mmoja kabla alishatoa ya radi na umeme, ngoma kubwa ndiyo radi, matoazi ndiyo umeme. Lakini hao wana kondakta, wana mishahara, wamevaa tai. Kikao chetu hakiwahusu.

Mtu ataniambia, sawa, lakini hiyo polka yenyewe si imekufa? Nusu nakubali. Grammy walikuwa na tuzo ya polka kuanzia 1986 mpaka 2009 wakaifuta, na katika hizo mara 24 Jimmy Sturr peke yake alichukua 18, ambayo kusema kweli si dalili ya afya. Na huko kwao nako wapo wazee wa akodiani wanaopiga peke yao na mashine ya biti kando, kwa sababu ukumbi hauna hela ya watu watano. Siwalaumu. Njaa ni njaa, hata kiongozi wetu ana watoto shule. Ninachotaka Jumapili ni asikilize kwanza halafu apige hesabu, na kwenye hesabu aweke zile tuzo ambazo Babu anazileta kwa pigo moja la kumjibu mama mwenye kigelegele. Flash haijawahi kutuzwa.

Juzi nilimpelekea Babu simu, nikamwekea masikioni, tumekaa kwenye benchi la mama ntilie tunasubiri gari. Wa O'odham aliwasikiliza kafumba macho, kidole kinagonga goti, akasema "hawa wanajuana". Wally akamcheka, akasema huyu ana usingizi lakini hakosei. Trojak akatoa spika moja sikioni, akasema kijana ana nguvu, apewe chakula. Nilipoweka yule wa Texas, wa haihati, alinyamaza mpaka mwisho kisha akasema rudia. Nikarudia. Akauliza, "Anaitwa nani huyu?" Nikamwambia, Babu, mwenye akodiani kaandikwa, huyu hajaandikwa. Akatikisa kichwa, akavuta sahani yake ya wali, akauliza kama nimeshalipia chai.

Nimejaza simu chaji, nyimbo nimezipanga sita, spika nimeazima kwa jamaa wa chumba cha 14. Kesho saa mbili asubuhi nina test ya saikolojia ya elimu na bado sijafungua Piaget. Nikitoka kwenye kikao nitawaandikia. Usiku mwema.